Kupima tone la kimiminika kwa rezoneta ya mikrowevu: mwongozo kamili kwa waliokwama

Wanaojaribu kipimo hiki hukwama mahali palepale. Bodi yenye rezoneta, yaani njia ya shaba inayoitikia masafa yake maalumu, imetoka vizuri; grafu inaonyesha bonde safi pale mawimbi yanapomezwa na rezoneta, lakini maji yaleyale yakipimwa asubuhi na mchana yanatoa namba mbili. Wengi hapo huamua kuchora rezoneta nyingine yenye umbo la kuvutia zaidi, na tatizo linahamia nayo kwenye bodi mpya.

Rezoneta mara chache ndiyo mkosaji. Kipimo huharibika pale kimiminika kinapowekwa: namna kapilari (mrija mwembamba wa kioo unaobeba sampuli) ilivyolala, joto la sampuli, kiputo cha hewa kilichojificha, kebo iliyoguswa. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye uchoraji wa bodi na kukaa sana kwenye kapilari.

Lengo letu ni kutofautisha maji, ethanoli na michanganyiko yake kwa kutumia maikrolita 30 hivi za sampuli, kwenye masafa ya karibu gigahezi 1.9.

## Vifaa

Kusanya hivi vyote kabla ya kuanza. Kazi hii haipendi kukatishwa katikati ukatafute kitu dukani.

- Bodi ya FR4 (ile ya kawaida ya saketi za kielektroniki) yenye shaba pande zote mbili, unene mm 1.6, ukubwa mm 60 kwa mm 40.
- Feriki kloridi ya kuchongea (kemikali inayokula shaba), au faili ya KiCad, programu ya kuchorea bodi, ya kutuma kiwandani.
- Konekta 2 za SMA (aina ndogo ya skrubu, ya kebo za masafa ya juu) za kubana pembeni mwa bodi, na kebo 2 fupi za SMA.
- Kichanganuzi cha mtandao (kifaa kinachotuma mawimbi kwenye saketi na kupima yanayopita) kinachofika angalau gigahezi 3, mfano NanoVNA V2, pamoja na vipande vyake vya kalibresheni, yaani vya kukisawazisha kabla ya kupima.
- Kompyuta yenye programu ya NanoVNA-Saver.
- Kapilari za kioo za hematokriti, zile zinazotumiwa kupimia kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu. Chukua zenye mstari wa buluu. Zenye mstari mwekundu zina heparini ndani, dawa ya kuzuia damu kuganda, na zitachafua sampuli yako.
- Mrija laini wa silikoni unaobana kapilari kwa nje, na bomba la sindano la mililita 1 au 2, bila sindano yenyewe.
- Plastiki angavu ya jalada la ripoti, ile ya duka la steshenari.
- Maji yaliyotoneshwa. Yale ya kuongezea betri yanafaa, ila hakikisha si asidi.
- Ethanoli ya asilimia 96 au zaidi kutoka duka la kemikali za maabara.
- Mafuta ya kula, vijiko viwili tu.
- Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kipimajoto, gundi, utepe wa gundi, kifaa cha kuchomea risasi na multimeta.

Mambo mawili kuhusu manunuzi, kwa sababu ndiyo yanayoumiza mfuko. Kwanza, NanoVNA-H ya kawaida huishia gigahezi 1.5, kwa hiyo haitaliona bonde la rezoneta hii. Kama ndiyo uliyo nayo, usiitupe: ongeza upande wa mraba utakaouchora mpaka karibu mara mbili, na bonde litashuka hadi karibu gigahezi 1. Pili, usinunue spiriti ya duka la dawa wala kitakasa mikono. Spiriti hiyo mara nyingi ni ya asilimia 70, kitakasa mikono kina gliserini, na spiriti ya rangi ina vitu vingine kabisa.

## Unachokipima hasa

Rezoneta yetu ni mraba wa njia ya shaba uliokatwa mahali pamoja. Kwenye pengo hilo uga wa umeme hujikusanya kwa nguvu. Ukiweka kimiminika hapo, mambo mawili hutokea kwa mpigo, kama kwa ngoma iliyolowa: mlio unashuka, na unakufa haraka. Kushuka kwa mlio ni kuhama kwa bonde kwenda masafa ya chini. Kufa haraka ni bonde kupanuka na kupungua kina.

Kushuka kunatokana na pemitiviti ya kimiminika, yaani kiasi ambacho molekuli zake hugeuka kuufuata uga wa umeme. Kupanuka kunatokana na upotevu, yaani nishati inayoliwa molekuli zinapochelewa kugeuka. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi na karibu gigahezi 2, maji yana pemitiviti ya takriban 78 na upotevu wa takriban 7.5. Ethanoli ina pemitiviti ya takriban 8 tu, lakini upotevu wake nao unakaribia 8. Mafuta ya kula yana pemitiviti ya kama 2.5 na upotevu mdogo sana.

Ziweke namba hizo kichwani. Zinakuambia mapema grafu itakuwaje, na kipimo kisichokubaliana nazo kina kasoro hata kama mstari wake unapendeza.

## Hatua ya 1: Chonga bodi

Upande wa chini wa bodi uache mzima, shaba tupu. Huo ndio ethi, yaani ardhi ya saketi, na unaikinga rezoneta isihisi meza iliyo chini yake.

Upande wa juu chora mstari mkuu wenye upana wa mm 3, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa urefu wa mm 60. Upana huo juu ya FR4 ya mm 1.6 hutoa omu 50, sawa na kebo zako.

Kando ya mstari huo chora mraba wa njia ya shaba yenye upana wa mm 1.5. Kwa nje mraba uwe mm 12.25 kila upande. Ukiipima njia katikati yake, urefu wote unakuwa milimita 42, ambayo ni nusu ya wimbi kwa gigahezi 2 ndani ya bodi hii. Kata pengo la mm 1 katikati ya upande ulio mbali na mstari mkuu. Kati ya mraba na mstari mkuu acha nafasi ya mm 0.3.

Kwa nini pengo liwe upande wa mbali? Katika rezoneta ya nusu wimbi, mkondo wa umeme ni mkubwa kabisa katikati ya njia, na volteji ni kubwa kabisa kwenye ncha. Upande unaotazamana na pengo ndio wenye mkondo mkubwa, kwa hiyo ndio unaoshikana na mstari mkuu kwa sumaku. Ncha za pengo zinabaki huru kwa ajili ya sampuli. Ukigeuza mraba, kapilari itakuwa inaugusa mstari mkuu na utapima vitu viwili kwa pamoja.

Ukichonga kwa mkono, hatari iko kwenye ile nafasi ya mm 0.3. Feriki kloridi ikikaa muda mrefu hula kingo, nafasi inapanuka na bonde linapungua kina. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa, na usiimwage kwenye sinki: hula chuma na hutia madoa yasiyotoka.

## Hatua ya 2: Choma konekta, kisha pima kwa multimeta

Pini ya katikati ya SMA ikae juu ya mstari mkuu, na miguu ichomwe kwenye ethi. Choma miguu yote, ya juu na ya chini pale inapowezekana. Mguu mmoja ulioachwa huleta mawimbi ya ajabu kwenye grafu ambayo mtu huyadhania kuwa bonde.

Multimeta ionyeshe mambo matatu: pini ya konekta moja inaunganika na pini ya nyingine, pini haiunganiki na ethi, mraba hauunganiki na chochote. Hili la tatu ndilo linaloshinda wengi. Uzi wa shaba mwembamba kama unywele uliobaki kwenye ile nafasi ya mm 0.3 unaua rezoneta nzima. Ukiuona, ukwangue kwa wembe.

## Hatua ya 3: Kalibresheni

Washa kichanganuzi na ukiache dakika 20 hadi 30 kipate joto lake. Ndipo uweke masafa kuanzia gigahezi 1.2 hadi 2.2, ufanye kalibresheni kwa vipande vyote: wazi, fupi, mzigo, na kuunganisha moja kwa moja.

Fanya kalibresheni kwenye ncha za kebo, pale bodi itakapofungwa, si kwenye mdomo wa kifaa. Vinginevyo kebo zenyewe zinaingia kwenye kipimo. Baadaye ukibadilisha masafa, rudia kalibresheni. Kifaa kinaweza kukisia kati ya pointi zake za zamani, ila ukisio huo hautoshi kwa kazi yetu.

Sasa bandika kebo mezani kwa utepe wa gundi. Hapa sitanii. Kebo ikipinda kidogo, awamu ya mawimbi hubadilika, na bonde lako linaonekana limehama hata kabla hujaweka tone lolote.

Umefanikiwa kama ukiunganisha kebo mbili zenyewe kwa zenyewe, mstari wa S21 (kiasi cha mawimbi yanayopita kutoka kebo moja hadi nyingine) unalala karibu na dB 0 (desibeli 0, yaani hakuna kinachopotea) katika masafa yote.

## Hatua ya 4: Litafute bonde tupu

Funga bodi, tazama S21. Bonde linatakiwa kuwa mahali fulani kati ya gigahezi 1.7 na 2.0. Usishtuke likiwa chini ya 2: pengo lenyewe linaongeza kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji), na pemitiviti ya FR4 hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa kawaida 4.2 hadi 4.6.

Kulithibitisha ni rahisi. Sogeza kidole juu ya pengo bila kuligusa. Bonde halisi linakimbilia masafa ya chini na kufifia, na ukiondoa kidole linarudi. Kisha weka kidole juu ya mstari mkuu, mbali na mraba. Bonde lisihame kwa kiasi kile. Kama mabonde yapo mengi na yote yanacheza unapogusa kebo, rudi Hatua ya 2. Kuna ethi iliyoachia.

Kina cha dB 3 kinatosha kuanzia. FR4 inakula nishati nyingi, kwa hiyo usitegemee bonde jembamba kama sindano.

## Hatua ya 5: Laza kapilari, na ilaze upande sahihi

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tuliza akili.

Kapilari ina njia mbili za kulala juu ya pengo. Inaweza kupita ndani ya mfereji wa pengo, sambamba na mkato, bila kuvuka kutoka shaba moja hadi nyingine. Au inaweza kuvuka pengo kama daraja, ikilala juu ya ncha moja ya shaba na kuendelea hadi nyingine. Watu wengi huchagua ya kwanza kwa sababu inaonekana nadhifu na kapilari haiyumbi. Hiyo ndiyo mbaya.

Uga wa umeme kwenye pengo unatoka ncha moja kwenda nyingine. Kimiminika kilicho kwenye mrija mwembamba kikikingamana na uga huo, chaji zinazojipanga kwenye kuta za mrija hupunguza uga ulio ndani. Kadiri pemitiviti inavyokuwa kubwa ndivyo uga wa ndani unavyopungua, na mwisho wake maji yenye 78 na ethanoli yenye 8 yanaonekana kama ndugu. Kwa mrija mrefu wa duara uliokingama kabisa, mwitikio unafuata uwiano wa (ε − 1) kwa (ε + 1), ambapo ε ni pemitiviti. Maji hutoa 0.97 na ethanoli 0.78. Tofauti ya mara kumi ya pemitiviti imebanwa hadi kama robo tu.

Mrija ukilala sambamba na uga, yaani ukivuka pengo, kinga hiyo karibu inatoweka, na maji yanajitenga na ethanoli wazi.

Kwa hiyo weka kapilari ivuke pengo, sambamba na mstari mkuu, katikati ya upana wa njia ya shaba. Kapilari ina urefu wa mm 75 na bodi mm 60, basi ncha zitachungulia nje pande zote mbili, na hilo ndilo tunalotaka kwa ajili ya mrija wa silikoni.

Chini ya kapilari tandika kipande cha plastiki ya jalada la ripoti. Kina kazi mbili. Kinazuia kimiminika kilichomwagika kisiguse shaba, na kinainua kapilari kidogo ili ethanoli isilifute bonde kabisa. Ukijaza ethanoli na bonde likatoweka, ongeza tabaka la pili. Maji yakilihamisha kidogo mno, punguza. Tabaka utakalochagua likae hilohilo hadi mwisho wa kazi.

Ukisharidhika, na ukishapima mafuta ya kula kwa kapilari ya muda (tazama Hatua ya 10), gundisha kapilari ya kudumu kwenye kingo za bodi tu, mbali na mraba. Usiweke gundi juu ya pengo.

Kwa nini kuigundisha, wakati unazo kapilari mia kwenye kopo? Kwa sababu kila kapilari ina unene wake wa ukuta, na kila ukiibadilisha hutaiweka palepale. Robo milimita kushoto au kulia inatosha kukuharibia kipimo. Kapilari moja iliyogundishwa, inayojazwa na kusafishwa kwa bomba la sindano, ina thamani kuliko rezoneta tano mpya.

## Hatua ya 6: Jaza bila viputo

Kapilari hizi zina kipenyo cha ndani cha karibu mm 1.15, kwa hiyo kila milimita ya urefu hubeba takriban maikrolita 1. Safu ya kimiminika ya mm 30 ni maikrolita 31 hivi. Juu ya pengo lenyewe kuna maikrolita 1 tu.

Safu iwe ndefu kupita mraba pande zote mbili. Ikiishia juu ya mraba, kila ikisogea milimita moja bonde nalo linasogea, na utadhani mkusanyiko wa sampuli, yaani kiasi cha ethanoli ndani ya maji, umebadilika. Mm 30 zinatosha kwa mraba wetu wa mm 12. Mwenye sampuli nyingi aijaze kapilari yote.

Bana kipande cha mrija wa silikoni kwenye kila ncha ya kapilari, kimoja ukiunganishe na bomba la sindano; chovya ncha huru ya kile kingine kwenye sampuli na uvute taratibu. Ukivuta kwa pupa viputo vinaingia. Kiputo juu ya pengo ni hewa yenye pemitiviti ya 1 mahali ulipotaka 78, nacho ni hatari zaidi kinapokuwa kidogo: kikubwa utakiona, kidogo kitakudanganya. Mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni kabla ya kila kipimo. Kikiwapo, sukuma kimiminika nje na uvute upya. Usigonge kapilari.

Maji yaliyokaa kwenye friji hutoa viputo vyenyewe yanapopata joto. Sababu nyingine ya kusoma hatua inayofuata kwa makini.

## Hatua ya 7: Shika joto

Pemitiviti ya maji hupungua kwa karibu 0.36 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ni kama nusu asilimia. Sikia tena: nyuzi mbili za tofauti ni karibu asilimia moja, na chumba chenye kiyoyozi kinachowaka na kuzima chenyewe kinaweza kukupa nyuzi mbili bila wewe kuhisi. FR4 nayo hubadilika na joto.

Zima feni na kiyoyozi. Weka chupa zote za sampuli karibu na bodi kwa nusu saa kabla ya kuanza, zikiwa zimefungwa; ethanoli iliyoachwa wazi hupungua yenyewe na kunyonya unyevu wa hewani, hasa kwenye miji ya pwani. Baada ya kujaza kapilari, subiri dakika moja au mbili mpaka bonde litulie, ndipo usome. Andika joto kando ya kila kipimo, hata kama halijabadilika.

Kuhusu kifaa kuchemsha sampuli, usiwe na wasiwasi. Nguvu inayotoka kwenye kichanganuzi kama hiki ni ndogo mno kwa hilo.

## Hatua ya 8: Pima kwa mpangilio wa maji, sampuli, maji

Usipime sampuli zote mfululizo. Kila sampuli itanguliwe na maji na kufuatiwa na maji. Chukua wastani wa namba mbili za maji, kisha andika sampuli imetofautiana nao kwa kiasi gani. Kuyumba kwa joto na kwa kifaa, kwa sehemu kubwa, kunajifuta hapo.

Kati ya sampuli, pitisha kimiminika kipya mara tatu na ukimwage kila mara. Tone la zamani lililobaki kwenye ukuta huchanganyika na jipya.

Na usifuate utaratibu wa kupanda kutoka asilimia 0 hadi 100. Changanya: anza na 60, nenda 0, kisha 100, kisha 20. Ukipanda kwa mpangilio wakati chumba nacho kinapanda joto, joto litajigeuza kuwa mkusanyiko, na grafu itapendeza kwa uongo.

Jaribio la kwanza kabisa liwe hili: maji mara tano, ukiyamwaga na kuyajaza upya kila mara. Tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini ndiyo mipaka ya kifaa chako. Kama maji yanatofautiana kwa megahezi 2, usije kumwambia mtu kwamba sampuli mbili zilizopishana kwa megahezi 1 ni tofauti.

## Hatua ya 9: Soma masafa na upana kwa usahihi

Punguza masafa yazunguke bonde tu, upana wa megahezi 200 hadi 300, na urudie kalibresheni. Kwa pointi 201 ndani ya megahezi 200, kila pointi iko megahezi 1 mbali na jirani yake. NanoVNA-Saver inaweza kugawa masafa vipande ili kuongeza pointi.

Usichukue pointi ya chini kabisa kuwa ndiyo jibu, kelele inaichezea. Chukua pointi kama kumi za chini ya bonde, pitisha kipinde cha daraja la pili (parabola) ndani yake kwenye lahajedwali yoyote, na chini ya kipinde hicho ndipo masafa yako yalipo.

Upana ndio unaokosewa zaidi. Wengi hutumia kanuni ya dB 3 waliyoisoma kwenye vichujio. Kwa bonde lenye kina cha dB 4.5 kanuni hiyo inatoa jibu lisilo na maana. Fanya hivi:

1. Geuza dB kuwa nguvu ya kawaida: 10 kwa kipeo cha (dB ÷ 10). Bonde la dB −4.5 ni 0.355.
2. Tafuta katikati ya 1 na namba hiyo: (1 + 0.355) ÷ 2 = 0.677, ambayo ni dB −1.7.
3. Pima upana wa bonde kwenye kimo hicho. Tuseme megahezi 70, na bonde liko 1,900. Basi Q, yaani kipimo cha wembamba wa bonde, ni 1,900 ÷ 70 = 27.
4. Gawa kwa kina cha bonde katika volteji, yaani kipeuo cha pili cha 0.355, ambacho ni 0.6. Unapata 45. Hiyo ndiyo Q ya rezoneta yenyewe, bila mzigo wa mstari mkuu.

Q ya 45 kwa bodi tupu ya FR4 ni ya kawaida. Upotevu wa FR4, ukigawanywa kwa pemitiviti yake, ni karibu 0.02, na 1 ÷ 0.02 ni 50, kwa hiyo hiyo ndiyo dari. Kama mstari mbali na bonde hauko dB 0 bali −0.4, ondoa hiyo 0.4 kabla ya kuanza hesabu.

## Hatua ya 10: Jenga mstari wa rejea

Kwanza hakikisha mpangilio wa vimiminika safi. Bonde lishuke kwa utaratibu huu: hewa juu, mafuta ya kula chini kidogo, ethanoli chini zaidi, maji chini kabisa. Mafuta yasiharibu kina sana. Ethanoli ihamishe bonde kidogo lakini ilipanue mno. Maji yalihamishe kwa makumi ya megahezi au zaidi, huku bonde likibaki linaonekana. Mafuta yapime kwenye kapilari nyingine iliyolazwa kwa muda kabla hujagundisha ile ya kudumu, maana hayasafishiki.

Kisha tengeneza michanganyiko ya ethanoli na maji: 0, 20, 40, 60, 80 na 100 kwa mia. Pima kwa uzito, si kwa ujazo. Mililita 50 za ethanoli na 50 za maji hazitoi 100. Zinatoa kama 96 au 97, kwa sababu molekuli zinaingiana. Gramu 4 za ethanoli na gramu 6 za maji ni asilimia 40 bila ubishi. Ethanoli yako ikiwa ya asilimia 96, ingiza maji yake kwenye hesabu. Na iweke mbali na moto wowote, pamoja na kifaa cha kuchomea risasi ulichosahau kukizima.

Mstari wa masafa utapinda. Usiulazimishe unyooke. Upana nao utakushangaza zaidi: bonde hupanuka katika michanganyiko ya kati kuliko kwa maji matupu au ethanoli tupu. Maana yake upana mmoja unaweza kuwa na majibu mawili, la upande wa maji na la upande wa ethanoli. Anayetazama kina cha bonde pekee atachanganya sampuli mbili zilizo mbali kabisa. Tumia masafa kuamua uko upande gani, ndipo upana usaidie.

## Chumvi, na mipaka mingine

Usipime maji ya bomba ukidhani ni maji tu. Chumvi ya mezani ya moli 0.1 kwa lita, ambayo haifiki gramu 6, inaongeza upotevu wa kama 10 kwenye masafa haya, zaidi ya upotevu wote wa maji yenyewe, huku pemitiviti ikishuka kidogo tu. Bonde linapanuka bila kuhama sana. Hii ni kero kwa anayepima ethanoli, lakini kwa anayetaka kujua kama kisima cha pwani kinaingiliwa na bahari ni ishara nzuri. Atengeneze mstari wake wa rejea kwa chumvi, akitazama upana.

Damu na majimaji mengine ya mwili yaache kwa wenye maabara yenye utaratibu wa usalama.

Na swali linalokuja kila mara: je, kifaa hiki kitamwambia mtu kama pombe ina methanoli? Hapana. Unapata namba mbili tu, masafa na upana, wakati ndani ya chupa kuna maji, ethanoli, methanoli, sukari na chumvi, kila kimoja kikivuta upande wake. Michanganyiko mingi tofauti itatoa jozi ileile ya namba. Watu wamekufa kwa methanoli Kenya, mwaka 2014 kwa makumi. Sampuli ya namna hiyo ipelekwe kwenye kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha vitu vilivyochanganyika.

Kinachoboreshwa kwa urahisi ni bodi. Laminati (malighafi ya bodi) ya RO4003C ina upotevu, uliogawanywa kwa pemitiviti vilevile, wa 0.0027 dhidi ya 0.02 ya FR4, na bonde lake tupu litakuwa jembamba zaidi. Ila pemitiviti yake ni ndogo kuliko ya FR4 na unene wake mara nyingi si mm 1.6, kwa hiyo upana wa mstari mkuu na upande wa mraba vyote vihesabiwe upya.